Barua ya wazi kwa wasimamizi wa madini na mazingira: maji ya marudio bado yana mali

Waheshimiwa Waziri wa Madini na Waziri mwenye dhamana ya mazingira, pamoja na viongozi wa Tume ya Madini, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO),

YAH: OMBI LA BWAWA MOJA LA MAJARIBIO LA KUSAFISHA MAJI YA SIANIDI KWA BAKTERIA

Kwa heshima na taadhima, husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimekula na kusomesha watoto kwa kazi ya kuchenjua marudio, yaani kutoa kwa sianidi dhahabu iliyobaki kwenye mchanga wa machimbo, mkoani Geita kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo siandiki kama mwanaharakati anayetaka matangi yetu yafungwe. Naandika kwa sababu kila nikitazama bwawa la maji lililo nyuma ya matangi naona vitu viwili ambavyo mfumo wetu wa leseni unaviona kama kimoja tu: naona sumu, na naona mali iliyoponyoka mikononi mwetu. Nawaomba mruhusu, na ikiwezekana mgharamie, jaribio moja la wazi la kuyatibu maji hayo kwa bakteria, ili ijulikane kwa vipimo vya hapa nchini ni kiasi gani cha sumu kinaweza kuondolewa na ni kiasi gani cha dhahabu kinaweza kurudi.

Kwa manufaa ya wananchi watakaoisoma barua hii bila kuifahamu kazi yetu, nitaieleza kwa ufupi. Mchimbaji mdogo hupeleka mawe yake kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia, yakishasagwa unga wake huoshwa kwenye mwalo, yaani mteremko uliotandikwa magunia, kisha zebaki hutumika kuikamata dhahabu iliyobaki kwenye magunia. Mchanga unaosalia ndio tunaouita marudio, na kwa desturi ya machimbo mengi hubaki kuwa mali ya mwenye karasha, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba dhahabu nyingi bado imo ndani yake. Marudio hayo hujazwa kwenye matangi ya saruji na kuloweshwa kwa maji ya sianidi yaliyotiwa chokaa ili pH, kipimo cha ukali wa tindikali, isishuke chini ya 10, maana ikishuka sianidi hugeuka kuwa hewa inayoweza kumuua mtu papo hapo. Maji hayo huzungushwa yakipita kwenye kaboni, yaani punje za mkaa maalumu, kaboni huishika dhahabu, na kaboni iliyoshiba hupelekwa kwenye elusheni, yaani mtambo wa kuitoa dhahabu kwenye kaboni, ambako afisa wa madini husimamia, mrabaha wa serikali hukatwa, na mzigo huingia sokoni. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa mwaka 2019, njia hiyo ya dhahabu imenyooka kuliko ilivyokuwa zamani, na pongezi kwa hilo ni haki yenu.

Njia ambayo haijanyooka ni ile ya maji. Dhahabu ina afisa wa kuisindikiza kuanzia kwenye kaboni hadi sokoni, lakini maji yakishazunguka mara nyingi hadi yakachoka huachwa bwawani, na matumaini yetu sote ni kwamba jua litayamaliza kabla ya masika hayajafika. Jua hukausha maji na kuvunja sehemu ya sianidi, hilo sikatai, ila halikaushi zebaki wala shaba, na masika hayamsubiri mtu. Nimewahi kuona, katika eneo ambalo sitalitaja, ng'ombe wa jirani wakilala wasiamke baada ya kunywa maji yaliyofurika kutoka bwawa la namna hii, na mwenye ng'ombe akalipwa fidia kimyakimya kabla ya jioni.

Ndani ya maji hayo mna sianidi huru, mna sianidi iliyoungana na shaba na chuma, mna thiosianeti inayotokana na sianidi kukutana na salfa ya mawe, mna zebaki iliyofuatana na marudio kutoka kwenye mwalo, na mna dhahabu kidogo ambayo kaboni haikuishika. Kaboni inapochoka, au inapojaa shaba ikakosa nafasi, dhahabu inayoponyoka huongezeka, na sisi wa mtaji mdogo tunafahamika kwa kuitumia kaboni hadi inasagika. Tuchukue bwawa la urefu wa mita 40, upana wa mita 25 na kina cha mita 2. Bwawa hilo hubeba mita za ujazo 2,000, na kama kila lita ina dhahabu miligramu 0.05 tu, basi ndani yake mmelala gramu 100 za dhahabu. Sisemi kila bwawa lina kiasi hicho. Nasema kwamba hesabu hii haifanyiki, kwa sababu hakuna fomu yoyote niliyowahi kujaza iliyoniuliza kuna dhahabu kiasi gani kwenye maji ninayoyaacha.

Waheshimiwa, jambo ninaloliomba si ndoto ya maabara. Mwaka 1984 mgodi wa dhahabu wa Homestake, katika jimbo la South Dakota nchini Marekani, ulianza kusafisha maji yake ya sianidi kwa bakteria wa jamii ya Pseudomonas. Bakteria hao walioteshwa juu ya sahani kubwa 48 zilizokuwa zikizunguka taratibu, nusu ndani ya maji na nusu hewani, ili wapate chakula na pumzi kwa zamu. Chakula chao kilikuwa sianidi na thiosianeti, ambazo walizivunja zikawa amonia, kisha bakteria wengine wakaigeuza amonia hiyo kuwa nitreti. Mtambo ule ulihudumia takriban mita za ujazo 21,000 za maji kwa siku, na mto Whitewood Creek, uliokuwa umekufa kwa uchafu wa migodi kwa karibu karne nzima, ukarudi kuwa na samaki. La muhimu zaidi kwetu ni kwamba metali zilizokuwa zimeshikwa na sianidi zilinasa kwenye utando wa bakteria uliofunika sahani zile. Mgodi ulitaka maji safi, ukapata pia tope lililokusanya metali.

Bara letu nalo si geni katika kuajiri viumbe hawa. Mgodi wa Fairview, huko Barberton nchini Afrika Kusini, ulianza mwaka 1986 kutumia bakteria wanaokula salfaidi, yaani madini yenye salfa, ili kuifungua dhahabu iliyofungwa ndani ya mawe magumu, na mwaka 1994 teknolojia hiyo ikafika Obuasi nchini Ghana kwa kiwango kikubwa. Hao ni bakteria wa kazi nyingine, wanaofanya kazi kabla ya sianidi kuingia, na nawataja tu ili pasiwepo mtu wa kusema kwamba joto la Afrika au umeme wa Afrika hauwafai. Na pale Barberton penyewe bakteria wa aina ya kwanza nao wametumika, wakila thiosianeti ili maji yaweze kurudishwa kiwandani badala ya kutupwa. Kwa mtu wa Geita anayenunua maji ya bowza wakati wa kiangazi, kurudisha maji kiwandani ni faida hata kabla ya kuizungumzia dhahabu.

Mfano mwingine unaonifurahisha, ingawa haukupangwa na mtu, unatoka Japani. Mwaka 2009 wakuu wa mkoa wa Nagano walitangaza kwamba majivu ya tope la majitaka katika kituo cha Suwa yalikuwa na dhahabu gramu 1,890 kwa kila tani, wakati mgodi wa Hishikari, ambao ni miongoni mwa migodi tajiri kabisa duniani, hupata kati ya gramu 20 na 40 kwa tani ya mawe. Siri ilikuwa viwanda vya vifaa vya usahihi vilivyoko jirani, vinavyotumia dhahabu na kuiachia chembechembe zake kwenye mabomba, na tope la kituo kile, ambalo kwa sehemu kubwa ni bakteria hai na waliokufa, likawa linazikusanya. Watafiti wa Uswisi nao walipima majitaka ya nchi yao, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba kila mwaka yanapitiwa na takriban kilo 43 za dhahabu na tani 3 za fedha. Waungwana wale walikuwa wakweli: walisema kwamba kwa vituo vingi kuikusanya hakulipi, isipokuwa katika jimbo la Ticino lenye viwanda vya kusafisha dhahabu. Mahali palipo na watu wa dhahabu ndipo penye maji ya dhahabu, na kwetu sisi mahali hapo panajulikana bila kuhitaji utafiti wa kitaifa.

Hapa nalazimika kusema jambo ambalo wauzaji wa teknolojia hawatawaambia, kwa sababu nimeshaona vipeperushi vyao na najua vitafika mezani kwenu. Bakteria aliyepata sifa kubwa zaidi katika habari hii anaitwa Cupriavidus metallidurans. Aligunduliwa mwaka 1976 katika tangi la kiwanda cha zinki nchini Ubelgiji, na mwaka 2006 watafiti waliofanya kazi Australia wakamkuta kwenye ngozi ya chembe za dhahabu za asili. Anaivumilia dhahabu iliyoyeyuka, ambayo kwa viumbe wengi ni sumu, na kujinusuru huigeuza kuwa vipande vidogo mno vya dhahabu kamili. Mwingine, Delftia acidovorans, hutoa nje ya mwili wake kemikali inayoigandisha dhahabu kabla haijamfikia, kama ilivyoelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada mwaka 2013. Habari hizo ni za kweli na zinapendeza. Lakini dhahabu waliyopimwa nayo ni ile iliyoyeyuka kwa kuungana na klorini, na dhahabu ya mabwawa yetu imeungana na sianidi, muungano ambao ni mgumu mno kuvunjika. Atakayewaletea chupa ya bakteria wa Australia na kuwaahidi kwamba wakimwagwa katika bwawa la marudio watatema dhahabu, mwulizeni kwanza kama wamepimwa kwa dhahabu iliyoungana na sianidi, kabla hamjamkaribisha kiti.

Mahali pao viumbe hao wawili papo, nako ni katika maji ya tindikali. Viwanda vya kusafisha dhahabu, kikiwamo kile kilichozinduliwa Mwanza mwaka 2021, pamoja na masonara wa mijini na vijana wanaoyeyusha bodi za simu na kompyuta uani, huzalisha au wanaweza kuzalisha maji yenye dhahabu ya klorini kwa kadiri ya njia wanayotumia. Viwanda vikubwa vina wahandisi na vina sababu ya kulinda kila gramu yao. Masonara na vijana wa bodi za simu hawana, na maji yao huishia kwenye mtaro wa barabara. Hilo ni jambo la kulifikiria kwa wakati wake, wala sitaki lichanganywe na ombi langu la leo, ambalo linahusu sianidi na marudio.

Kuna hatari moja inayonikosesha usingizi, nayo ndiyo sababu barua hii imeandikwa kwenu badala ya kuandikwa kwa wenzangu wenye matangi. Katika mji wa Budel nchini Uholanzi kuna kiwanda cha zinki ambacho tangu mwaka 1992 kimekuwa kikitibu maji yake kwa bakteria wanaopumua salfeti pale ambapo viumbe wengine hupumua oksijeni. Bakteria hao hutoa salfaidi, salfaidi huishika zinki ikatuama chini kama tope, na tope hilo hurudishwa kwenye tanuru la kiwanda kilekile. Ni mbinu safi na ni nafuu kuiiga, kwa kuwa bakteria wa aina hiyo wamejaa kwenye matope na kwenye samadi ya ng'ombe, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kusoma habari zake leo na kesho akamwaga samadi kwenye bwawa lake. Sasa, bakteria haohao wanaopumua salfeti, wakikutana na zebaki, ni miongoni mwa viumbe wanaoigeuza kuwa methili-zebaki, yaani ile sumu iliyopita kwenye samaki ikawalemaza na kuwaua watu wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Mabwawa yetu yana zebaki kwa sababu marudio yetu yalipita kwenye mwalo, na mikondo ya maji yetu inaelekea Ziwa Victoria, wanakotoka sangara na dagaa wanaoliwa kuanzia Mwanza hadi Kigali.

Kwa hiyo teknolojia hii ikiachwa ienee kwa kunong'onezana, kama ilivyoenea sianidi yenyewe, inaweza kutuletea balaa kubwa kuliko maji ya bwawa yalivyo leo. Zebaki lazima itolewe kwanza, kabla ya sianidi na kabla ya bakteria. Hilo si wazo langu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na kiambatisho C cha mkataba huo kinataja waziwazi, miongoni mwa vitendo vya kukomeshwa, kuchenjua kwa sianidi marudio yaliyotiwa zebaki bila kuiondoa zebaki hiyo kwanza. Nasema hivi nikijua kwamba najishitaki mwenyewe, kwa maana nimelifanya jambo hilo kwa miaka, nikiwa na leseni halali ukutani.

Niliwahi kujaribu kufuata utaratibu. Nilikwenda na maelezo ya kurasa nne kwenye ofisi moja nikitaka ruhusa ya kutenga tangi dogo la majaribio, nikaambiwa kwamba hayo ni majitaka, niende kwa watu wa mazingira. Ofisi ya pili ikasoma neno dhahabu kwenye ukurasa wa kwanza ikaniambia kwamba huo ni uchenjuaji, nirudi kwa watu wa madini. Ya tatu iliniuliza bakteria wangu wanatoka nchi gani, na nilipojibu kwamba wanatoka kwenye bwawa langu mwenyewe, mazungumzo yakaishia hapo. Silaumu watumishi wale. Fomu walizonazo zina kisanduku cha taka na kisanduku cha madini, wala hazina kisanduku cha kitu ambacho ni vyote viwili.

Ombi langu, kwa hiyo, lina mipaka. STAMICO ina vituo vya mfano vya uchenjuaji kwa wachimbaji wadogo Lwamgasa, Katente na Itumbi, vilivyojengwa kwa ajili ya kufundishia mbinu bora. Naomba kimojawapo, na kwa upendeleo wangu usiofichika kiwe Lwamgasa ya hapa kwetu Geita, kitengewe bwawa moja dogo lenye sakafu isiyovuja, ambalo maji yake yatapita kwanza kwenye hatua ya kuondoa zebaki, ndipo yaingie kwenye tangi lenye hewa ya kutosha lenye bakteria wanaokula sianidi. Hewa hiyo nayo ni kinga, kwa sababu wale wapumua salfeti hawastawi penye oksijeni. Bakteria watafutwe kwenye mabwawa ya hapahapa, maana waliokwisha kuizoea sumu yetu, joto letu na chokaa yetu hawahitaji kusafirishwa kwa ndege, na kuwatafuta ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha.

Vipimo vifanywe na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kwa upande wa dhahabu na shaba, na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa upande wa sianidi na zebaki, kwenye maji yanayoingia, maji yanayotoka na tope linalobaki, kiangazi na masika, kwa mwaka mzima. Tope hilo lisichomwe na mtu yeyote kabla zebaki yake haijajulikana. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa kituo kila mwezi yakiwa mazuri au mabaya, kwa Kiswahili, kwa kipimo ambacho mwenye karasha anakielewa: gramu kwa tangi. Mkiona kwamba dhahabu iliyorudi haitoshi hata kununua dizeli ya pampu ya hewa, basi tuambieni hivyo, na tutajua kwamba gharama ya kusafisha maji ni gharama ya kazi kama ilivyo gharama ya chokaa. Mkiona kwamba inatosha kulipia nusu ya gharama hiyo, wenzangu wengi watalipa nusu iliyobaki bila kusukumwa, kwa sababu mchenjuaji hawezi kulala akijua kwamba kuna gramu zimebaki bwawani.

Upande wa sheria, naomba Tume ya Madini na NEMC mkae meza moja mtoe waraka wa pamoja unaosema nani anatoa kibali cha majaribio ya namna hii, na unaotamka kwamba dhahabu iliyopatikana kwenye maji na kwenye tope la bakteria italipiwa mrabaha na ada ya ukaguzi kama dhahabu nyingine yoyote. Tunaomba kulipa, Waheshimiwa. Dhahabu ikishakuwa na kisanduku chake kwenye fomu, maji yaliyoibeba nayo yatapata afisa wa kuyasindikiza.

Kurasa zangu nne bado ninazo, pamoja na michoro ya tangi na orodha ya vifaa, ambavyo vyote vinapatikana katika maduka ya Mwanza. Niko tayari kuzileta Dodoma kwa gharama zangu siku yoyote nitakayoitwa, na bwawa langu liko wazi kwa yeyote kati yenu atakayetaka kuchota sampuli, iwe amenitaarifu au hakunitaarifu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchenjuaji wa marudio,
Geita